Kambamiti, chumvi, boriti na mpunga: ghala moja lililo hatarini

Katika orodha za bei, kambamiti huandikwa mstari wake, chumvi mstari wake, na kaa, boriti na mpunga kadhalika. Mfanyabiashara anayenunua chumvi Bagamoyo haoni sababu ya kuuliza bei ya kambamiti Nyamisati, na mwenye uwanja wa kuuzia miti ya kujengea jijini Dar es Salaam hana habari na mpunga wa delta ya Rufiji. Kila mmoja ana wateja wake na msimu wake. Hata hivyo, bidhaa zote hizo zinategemea ardhi moja, nayo ni ukanda wa mikoko na matope yaliyo chini yake. Ardhi hiyo imeanza kubanwa na bahari upande wa mbele, na wenye mashamba upande wa nyuma.

Suala la mabadiliko ya hali ya hewa kwa kawaida huachiwa wataalamu wa mazingira na wahisani. Lakini ukilipima kwa hesabu za biashara, ni suala la mtaji. Kambamiti, kaa na nguzo ni faida inayopatikana kila mwaka. Mtaji wenyewe ni msitu uliosimama na tope lake. Mfanyabiashara anayekula faida anaweza kuendelea miaka mingi, ila anayekula mtaji anahesabiwa siku.

Ukubwa wa mtaji wenyewe

Tanzania Bara ina zaidi ya hekta 100,000 za mikoko, kuanzia mpaka wa Kenya hadi mdomo wa Mto Ruvuma. Karibu nusu yake, yaani takriban hekta 53,000, iko katika delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa ni Wilaya ya Kibiti. Kenya ina takriban hekta 61,000, na sehemu kubwa kuliko zote iko Lamu. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Mikoko si mti mmoja. Wavuvi na wakataji wa pwani wanaijua kwa majina na kwa kazi zake. Mkoko wenye mizizi ya kutambaa juu kama miguu ya buibui hutoa boriti. Mkandaa hutoa nguzo nyembamba na fito. Muia hutoa nguzo ndefu zilizonyooka. Mchu hutumika kwa kuni na kwa vyombo, na mlilana ndio unaosimama mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi. Kila aina ina mahali pake kufuatana na kiasi cha maji ya chumvi na muda unaofunikwa na maji kwa siku. Mpangilio huo ndio unaoharibika bahari inapopanda.

Biashara ya mikoko ni ya zamani. Wakati wa utawala wa Wajerumani, magome yake yalisafirishwa Ulaya kutengenezea ngozi. Majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi yalikuja na pepo za kaskazini na kurudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na Rufiji, zilizohesabiwa kwa korija, yaani miti 20 kwa kila fungu. Baharia na mwandishi Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1939 hadi delta ya Rufiji kuchukua shehena ya aina hiyo. Huko Arabuni, upana wa vyumba vya nyumba za zamani ulifuata urefu wa boriti. Baadaye fedha za mafuta zilileta vyuma na saruji, na soko hilo likafifia. Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982. Tanzania nayo ilisimamisha ukataji mwaka 1987, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa kusimamia mikoko yote ya Bara, ulioandaliwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Leo ukataji wa leseni ni mdogo, na ukataji wa kujificha upo. Mirunda ya mikaratusi kutoka nyanda za juu imechukua nafasi kubwa katika ujenzi mijini. Kwa hiyo anayepima thamani ya mikoko kwa bei ya boriti peke yake anatazama mstari mdogo kabisa wa hesabu.

Faida isiyoonekana dukani

Mstari mkubwa ni wa kambamiti. Kambamiti hutaga baharini, lakini watoto wake huingia katika vijito vya mikoko, wakajificha kwenye mizizi na kula mabaki ya majani yanayooza. Wakishakua hurudi baharini na huko ndiko wanakovuliwa. Ndiyo maana uvuvi wa kambamiti Tanzania umejikusanya mbele ya midomo ya mito, hasa Rufiji na Wami. Kaa wa matope, ambao hununuliwa wakiwa hai kwa ajili ya hoteli na masoko ya nje, huishi ndani ya mikoko yenyewe.

Soko hili limewahi kutoa funzo. Mwanzoni mwa mwaka 2008 serikali ilisimamisha meli za kuvua kambamiti kwa sababu mavuno yalikuwa yameporomoka. Waliokuwa na vyombo, mitambo ya barafu na mikataba ya kuuza nje walijikuta na mali isiyo na kazi. Uvuvi wa kupindukia ulikuwa umekula faida na kugusa mtaji. Miaka kumi kabla ya hapo palikuwa na mabishano makali juu ya mradi wa kufuga kambamiti uliokusudia kuchukua maelfu ya hekta za delta. Mradi huo haukufanyika. Kama ungefanyika, mikoko ambayo ndiyo kitalu cha bure cha kambamiti ingepisha mabwawa ambayo kitalu chake ni cha kununua.

Bahari inavyopanda

Hesabu za wanasayansi wa jopo la Umoja wa Mataifa, zilizotolewa mwaka 2021, zinaonyesha kuwa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Sentimita 20 katika zaidi ya karne moja si kitu cha kumtisha mwenye duka. La kuangaliwa ni kasi. Hadi mwaka 1971 kasi ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka, yaani karibu mara tatu.

Mikoko ina njia ya kujilinda. Mizizi yake hukamata tope linaloletwa na mto na maji ya bamvua, na pamoja na mizizi iliyokufa, ardhi huinuka kidogo kidogo. Iwapo ardhi inainuka sawa na bahari, msitu unabaki palepale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science, ambao ulichunguza matope ya kale ya takriban miaka 10,000 kutoka sehemu nyingi duniani, ulionyesha kuwa uwezo huo una kikomo. Kasi ikipita milimita 6 au 7 kwa mwaka, mikoko haiwezi tena kuinua ardhi yake, na maji yanaishinda.

Sababu ni nyepesi kueleza. Tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo mizizi hupumua juu, maji yanapokupwa. Ikifunikwa na maji muda mrefu kuliko kawaida, mti hukosa pumzi na kufa. Tope likizidi na kuzika mizizi, mti hufa vilevile. Jambo hili la pili limekwisha kutokea. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga udongo mwingi katika hori la Mwache karibu na Mombasa, na sehemu kubwa ya mikoko ya hapo ikafa imesimama. Kwa hiyo msitu unahitaji tope la kiasi: likipungua unazama, likizidi kwa ghafla unazikwa. Hali ya hewa inayobadilika inaleta yote mawili, ukame mrefu na mafuriko makubwa.

Vimbunga navyo, ambavyo kwa desturi huishia Msumbiji na Madagaska, vimesogea kwenye mahesabu ya wafanyabiashara wa hapa. Kimbunga Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mvua zake zilikata barabara ya kusini huko Kilwa, na malori ya Lindi na Mtwara yakakwama. Mikoko haizuii mvua, ila huvunja nguvu ya mawimbi. Vipimo vilivyokusanywa sehemu mbalimbali vinaonyesha kuwa ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea aina ya miti na msongamano wake.

Ardhi ya nyuma ndiyo roho ya hesabu

Bahari ikipanda, mikoko inayo njia nyingine ya kuokoka, nayo ni kuhama. Mbegu za mkoko huelea na kuota mahali maji yanapofika. Miti ya mbele ikifa, mipya huota nyuma. Lakini ili ihame, lazima nyuma pawe wazi. Na hapo ndipo biashara mbalimbali za pwani zinapogongana bila kujuana.

Nyuma ya mikoko mara nyingi kuna uwanda mtupu wa chumvi ambao wenyeji huuita jangwa. Uwanda huo ndio unaopendwa na watengeneza chumvi wa Tanga, Bagamoyo, Lindi na Mtwara, na wa Gongoni na Ngomeni upande wa Kenya. Hujenga matuta, huingiza maji ya bamvua, na jua hufanya kazi iliyobaki. Kwa mikoko inayotaka kuhama, matuta hayo ni ukuta. Msitu unabaki katikati ya bahari na tuta, unapungua upana kila mwaka, hadi siku unapokwisha. Siku hiyo wimbi linapiga tuta lenyewe, na gharama ya kulijenga upya inaingia katika bei ya gunia la chumvi. Mwenye shamba la chumvi aliyekata mikoko ya mbele ili apate mabwawa mawili zaidi ameongeza mavuno ya leo na kuondoa ulinzi wa mabwawa yote.

Katika delta ya Rufiji, aliye nyuma, na mara nyingine ndani kabisa, ni mkulima wa mpunga. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yameelekea matawi ya kaskazini ya delta, na maji baridi hayo wakati wa masika husukuma chumvi nje kiasi cha kuwezesha mpunga kuota palipokuwa na mikoko. Mkulima hukata, hulima kwa misimu kadhaa, kisha magugu na kaa wanapozidi huhamia sehemu nyingine. Mvutano kati yake na wenye kulinda msitu ni wa miaka mingi. Si haki kumwita mharibifu na kuishia hapo. Mpunga ndio chakula chake na ndio fedha yake ya mwaka, wakati faida ya kambamiti humfikia mwenye boti na mwenye barafu kabla yake.

Sasa mto wenyewe umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024. Umeme huo ni muhimu kwa kila kiwanda nchini. Lakini bwawa lolote hukamata tope linalotoka juu, na hubadilisha majira ya maji yanayokwenda chini. Tope linalobaki nyuma ya ukuta wa bwawa halifiki delta kuinua ardhi ya mikoko, na maji ya masika yakipungua, chumvi hupanda mtoni hadi kwenye majaruba. Kwa hiyo namna maji yatakavyofunguliwa na kufungwa ni habari ya soko kwa mnunuzi wa mpunga na wa kambamiti, kama ilivyo kwa mnunuzi wa umeme.

Soko jipya la hewa ya ukaa

Kuna mnunuzi mmoja aliyeingia karibuni ambaye hununua mti uliosimama. Huyu ni mnunuzi wa hati za hewa ya ukaa. Kila hati inawakilisha tani moja ya hewa hiyo iliyozuiwa au kuondolewa angani. Mikoko inampendeza kwa sababu tope lake ni akiba kubwa. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2011 kutoka misitu ya mikoko ya Asia na Pasifiki vilionyesha wastani wa takriban tani 1,000 za kaboni kwa hekta, sehemu kubwa ikiwa chini ya ardhi. Msitu ukikatwa na tope likachimbwa, akiba hiyo huanza kuvuja.

Mfano wa karibu uko Gazi, Kaunti ya Kwale, kusini ya Mombasa. Mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni ulianza kuuza hati hizo miaka kumi na zaidi iliyopita, ukihifadhi hekta 117. Kiasi kinachohesabiwa ni takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mapato yametumika kwa maji ya bomba, shule na kupanda miti, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vilifuata nyayo kwa eneo kubwa zaidi.

Hesabu yake inafaa kufanywa kwa utulivu. Tani 3,000 kwa hekta 117 ni kama tani 25 kwa hekta. Ikichukuliwa kwa mfano bei ya dola 10 kwa tani, hekta moja inaleta dola 250 kwa mwaka, kabla ya kulipa walinzi, vipimo na wakaguzi. Kwa kijiji, hizo ni fedha za kuchimba kisima. Kwa anayetafuta kutajirika haraka, si kitu. Isitoshe, bei ya soko hili haina msingi imara. Tangu 2023 wanunuzi wengi wa Ulaya na Marekani wamekuwa na wasiwasi baada ya miradi kadhaa ya misitu duniani kushutumiwa kuwa imehesabu tani zisizokuwapo.

Sheria nazo zimekaza. Kenya ilirekebisha sheria yake ya mabadiliko ya hali ya hewa mwaka 2023, na miradi ya ardhi inatakiwa kuwapa wanajamii angalau asilimia 40 ya mapato. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na usajili na ufuatiliaji wa miradi unahusisha Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

La kuangalia kabla ya kutoa fedha

Mwenye mtaji mdogo anapaswa kujua kwanza kwamba mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Hakuna hati halali ya kiwanja ndani yake. Aidha, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anayeonyeshwa kiwanja cha bei nafuu chenye mikoko mbele yake aulize mpaka unapita wapi, na bahari itakuwa wapi baada ya miaka 20.

Anayeshawishiwa kununua hisa katika mradi wa hewa ya ukaa aulize maswali matatu. Je, nyuma ya msitu huo kuna nafasi ya kuhamia, au kuna tuta la chumvi? Je, mto unaoleta tope bado unalileta? Na je, wanakijiji wanapata kiasi gani, kwa maandishi? Akiba iliyoko kwenye tope linalozama haiwezi kuuzwa mara ya pili, na msitu ambao jirani yake hapati kitu una shoka mlangoni.

Wenye mashamba ya chumvi wana hesabu rahisi kuliko wote. Wanaweza kuacha ukanda wa mikoko mbele ya matuta, na mabwawa ya zamani yasiyotumika wakayafungulia maji ya bamvua yaingie na kutoka. Mahali mkondo wa maji unaporudi, mbegu hujiletea zenyewe na miti huota bila gharama ya kitalu. Watanunua matuta machache zaidi. Mnunuzi wa kambamiti aliye jirani naye atapata kitu, ingawa hatawalipa, wala orodha ya bei haitaonyesha uhusiano wao.

Nyamisati, ambako boti za Mafia hupakia abiria na mizigo, mfanyabiashara anayesubiri maji yajae huiona mikoko ukingoni mwa mto. Humo ndimo unamokulia mzigo atakaonunua mwaka ujao. Kama utakuwapo baada ya miaka thelathini kunategemea milimita chache za bahari, tope la mto, na mita mia moja za ardhi ambazo mtu fulani nyuma yake atakubali kuziacha wazi.